Jina Halinywewi

Palikuwa na nchi, na nchi hiyo ilikuwa na duka. Siku zikaenda, siku zikarudi, hata watu wakaamka asubuhi moja wakakuta duka ndilo lenye nchi. Hakuna aliyepiga kelele. Kelele nazo zilikuwa bidhaa, na bidhaa zote zilikuwa zimekwisha kuingizwa dukani.

Jina la nchi hiyo halitajwi hapa, kwa adabu tu. Kiongozi wake aliitwa Mwenye Duka. Bunge liliitwa Kaunta. Mawaziri walivaa aproni nyeupe juu ya suti, na raia waliitwa wateja, neno ambalo lilitolewa maelezo redioni kuwa ni la heshima zaidi kuliko raia, kwa sababu mteja hakosei kamwe, hivyo hana haja ya kusema lolote. Jela haikuwepo. Palikuwa na Ghala tu, na mtu hakufungwa humo, bali alihifadhiwa mahali pakavu, mbali na jua.

Kabla ya hayo, vyakula na vitu vya nyumbani katika nchi hiyo vilikuwa na majina ya watu. Palikuwa na Unga wa Bi Senge. Palikuwa na Sabuni ya Sudi, yenye picha ya kijana mwenye mwanya anayecheka kama aliyesikia siri yako. Na palikuwa na Chai ya Chambuso, pakiti nyekundu, na juu yake uso wa mwanamume aliyelaza kofia upande wa sikio. Uzuri wa majina hayo ni kwamba ulijua wa kumlaumu. Unga ukiwa na dudu, ulikwenda mlangoni kwa Bi Senge ukamwita nje. Alitoka na kanga kiunoni, mkatukanana mpaka mkachoka, mkapatana, ukarudi nyumbani na unga mwingine na pilipili za kuombea msamaha.

Mwenye Duka aliiona hatari iliyojificha humo. Mtu anayejua wa kumlaumu kwa unga, kesho atataka kujua wa kumlaumu kwa barabara.

"Ndugu wateja," alisema mbele ya Kaunta, "mnalipia majina! Nawaulizeni, nani kati yenu amewahi kunywa jina? Jina halinywewi! Jina haliliwi! Jina halitoi povu!"

Kaunta ikapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na waliokuwa na viganja vyekundu zaidi wakafanywa mawaziri wadogo.

Ndipo zikaja bidhaa za Duka. Pakiti nyeupe, maandishi meusi: UNGA. SABUNI. CHAI. Wenye majina wakachukuliwa mmoja mmoja, wakahifadhiwa. Uhuru wa kuchagua haukuguswa hata kidogo. Kila tawi la Duka lilikuwa na rafu mbili: moja ya bidhaa za Duka, imejaa hadi juu; ya pili ya bidhaa zenye majina, tupu, ikifutwa vumbi kila asubuhi, na mlinzi amesimama pembeni yake, kazi yake kumtazama anayeitazama.

*

Hidaya alikuwa binti pekee wa Chambuso. Alikuwa amesoma mpaka chuo, lakini sauti yake haikusoma naye. Ilibaki ndogo, ya mtoto anayeomba kupita. Alifundisha chekechea, kwa sababu watoto wadogo ndio pekee waliokuwa karibu na kimo cha sauti ile. Aliishi na mama yake, Bi Mwanakombo, katika nyumba ile ile ambamo baba yake alitolewa akiwa na kijiko mkononi.

Kila alasiri, saa kumi, Bi Mwanakombo alibandika birika. Alitia tangawizi na mchaichai, akashusha kikopo kilichohifadhi pakiti nyekundu, akachota majani. Chai ikiiva alimimina kikombe cha Hidaya, akamimina chake, kisha akamimina cha tatu na kukiweka karibu na mlango.

Hicho kilikuwa kikombe cha asiyekuwepo. Watu wa nchi ile wamekimimina tangu enzi za mababu, zamani kwa ajili ya waliosafiri, siku hizi kwa ajili ya waliohifadhiwa. Kanuni yake ni moja. Mmiminaji humwita wake kwa jina, na kila aliyepo hapo, awe mwenyeji au mpita njia, humjibu kwa kumwita wa kwake. Anayenyamaza amemdhulumu mtu wake, kwa maana asiyetajwa, walisema wazee, atakunywa mate.

"Karibu, Chambuso," alisema Bi Mwanakombo.

"Karibu, baba," alijibu Hidaya.

Kisha wote wawili walisikiliza.

Enzi zake Chambuso hakuwahi kuisubiri chai ipoe. Funda la kwanza lilimuunguza kila siku ya maisha yake. Alikohoa kikohozi kimoja, kikavu, kama mtu anayebisha hodi, kisha akasema, "Hii ndiyo." Tangu alipochukuliwa, kila saa kumi, baada ya jina kutajwa, kikohozi kile kilisikika pale mlangoni. Kimoja tu. Na kikombe, ambacho hakuna aliyekigusa, kilipungua taratibu mpaka majani yakaonekana chini.

Hidaya hakukiogopa kikohozi hicho. Aliogopa siku ambayo hakitasikika.

*

Shida ilianza pale Wizara ya Ladha ilipogundua kwamba chai inayonunuliwa nchini ni nyingi kuliko vinywa vilivyopo. Wataalamu walihesabu upya chai, wakahesabu upya vinywa, wakawalaumu panya, wakawahoji panya. Mwishowe Tume ya Vinywa ikatoa taarifa nzito: wapo watu ambao hawapo, na watu hao wanakunywa chai ya Duka bila kibali.

Wakaguzi wakatumwa nyumba kwa nyumba. Kwa kina Hidaya alikuja Bwana Kirumbi, mtu mrefu, mwenye aproni iliyopigwa pasi na macho yasiyolala vizuri.

"Hodi humu."

"Karibu, mwanangu. Umekuja na bahati yako, chai hii hapa."

"Sikuja kunywa, mama. Nimekuja kuhesabu vinywa. Mko wangapi?"

"Wawili."

"Na vikombe?"

"Vitatu. Umekuja wewe, vinne. Kaa basi, utahesabuje umesimama kama mlingoti?"

Bwana Kirumbi akakaa, akapokea kikombe. Akakinyooshea kidole kile cha mlangoni. "Kile cha nani?"

"Cha asiyekuwepo."

"Na huyo asiyekuwepo yuko wapi?"

"Haa! Mmemchukua ninyi, mnaniuliza mimi?"

Hidaya akamgusa mama yake gotini, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuliinua birika. "Karibu, Chambuso."

"Karibu, baba," Hidaya akanong'ona.

Kikohozi kikasikika.

Bwana Kirumbi akaruka mpaka chai ikammwagikia. "Nani huyo?"

"Birika," alisema Hidaya haraka.

"Birika linakohoa?"

"La Duka hilo," alisema Bi Mwanakombo. "Limeanza hivyo hivyo tangu tulinunue."

Mkaguzi akalitazama birika upya. Kulisema vibaya birika la Duka lilikuwa kosa, na kukana kwamba linakohoa kungekuwa kumwita mteja mwongo, na mteja hakosei kamwe. Akakaa, akapuliza chai yake. Bi Mwanakombo hakuondoa macho usoni pake.

"Wewe huna wako?" akamuuliza kwa upole. "Mwache tu basi anywe mate."

Bwana Kirumbi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kuingia kikombeni, na midomo yake ikatikisika. Hidaya, aliyekuwa karibu, alilisikia jina. Lilikuwa la mwanamke. Mkaguzi akaondoka bila kuaga, na huko wizarani akaarifu kwamba nyumba ile ina birika bovu tu.

Lakini wakaguzi wengine hawakupata birika la kulisingizia. Walisikia chumba kimoja kikicheka, kingine kikipiga mluzi. Mtaani watu wakaanza kunong'ona kwamba chai ya Duka haina kitu, kwamba ni pakiti za majina tu zinazowaleta watu wao nyumbani. Mnong'ono ule ukamfikia Mwenye Duka, naye akaamuru umalizwe kwa njia ya wazi, ya haki, na yenye matokeo yanayojulikana mapema.

*

Waziri wa Ladha, Mheshimiwa Daktari Tindo, alimwita Hidaya ofisini kwake. Alikuwa mtu wa sauti ya asali, na alipocheka aliuziba mdomo kwa mkono. Watu walidhani ni adabu.

"Binti yangu," alisema, "tutakuwa na mashindano. Chai ya Duka na Chai ya Chambuso, mbele ya taifa zima. Maprofesa wataonja kwanza. Kisha utaonja wewe, na utasema ya Duka ndiyo bora."

"Na nikionja nikaona vingine?"

"Ndiyo maana nakuambia mapema, usije ukapata taabu ya kuona."

Hidaya alitazama vidole vyake. "Mnanihitaji mimi kwa nini?"

"Kwa ajili ya sheria, binti yangu. Sheria yetu ni ya kiungwana, haimfuti mtu hovyo. Jina hufutwa pale tu damu ya mwenye jina inapolikataa hadharani. Ukishasema, litatoka kwenye kitambulisho chako, litatoka kwenye kumbukumbu, litatoka midomoni. Atakayelitaja baada ya hapo atakuwa ametaja kitu kisichokuwepo, na huo ni uzushi."

"Na baba yangu?"

"Baba yupi?" aliuliza Waziri taratibu, kana kwamba jambo lenyewe limekwisha.

Hidaya akavificha vidole vyake chini ya meza.

"Ukikubali," Waziri aliendelea, "wewe na mama yako mtaishi kwa amani. Ukikataa, Ghala lina nafasi. Katika nchi hii, binti yangu, unga huisha, sukari huisha, lakini nafasi Ghalani haijawahi kuisha." Akacheka, mkono mdomoni. Kisha akainama mbele, akapunguza sauti, kidogo kwa aibu. "Kuna jambo dogo. Chai ya Chambuso yenyewe hatuna. Tuliichoma yote. Tumesikia nyumbani kwenu kuna pakiti."

*

Hidaya alimkuta mama yake jikoni. Pakiti nyekundu ilikuwa wazi mezani, na Bi Mwanakombo alikuwa akiimiminia majani kutoka pakiti nyeupe, bila haraka, kama mtu ajazaye mtungi.

"Mama, unafanya nini?"

"Naijaza. Imekaribia kwisha."

"Kwa chai ya Duka?"

"Kwani kuna nyingine? Ya baba yako iliisha masika ile ile aliyoondoka. Mtaa mzima tunajaza, mwanangu. Mama Rehani hapo anajaza kopo la unga la Bi Senge mpaka picha imepauka."

Hidaya akakaa juu ya kigoda. Miaka yote hiyo. Kikombe kilikuwa kikipungua na kikohozi kikija, kumbe ndani ni ile ile ya kila mtu.

"Basi yeye anakunywa nini?"

"Unadhani amefuata majani? Majani ni yale yale, Hidaya. Shamba lile lile, wachumaji wale wale, mashine ya baba yako ile ile. Walichobadilisha ni karatasi. Yeye anafuata kuitwa."

"Na wakilifuta jina, mama?"

Bi Mwanakombo aliikunja midomo ya pakiti, akaipapasa ile kofia iliyolala upande, ambayo ilikuwa imechakaa kwa kupapaswa.

"Atakaa na kiu," alisema.

*

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa Kaunta, saa kumi kamili, kwa kuwa ndiyo saa ya chai na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Ukumbi ulijaa pomoni. Wateja walipewa bendera nyeupe zilizoandikwa BENDERA. Juu ya jukwaa palikuwa na meza, juu ya meza mabirika mawili na vikombe: chekundu cha Chai ya Chambuso, kutoka ile pakiti ya Bi Mwanakombo, na cheupe cha chai ya Duka.

Maprofesa walifungwa macho kwa ajili ya haki, kisha wakaambiwa rangi ya kikombe kwa ajili ya usahihi. Wa kwanza alionja chekundu akakunja uso na kusema ina uchungu wa ubinafsi. Akaonja cheupe, akasema anausikia umoja ukishuka kooni. Wa pili alilia alipoonja cheupe, akasamehewa kwa kulia, kwa kuwa yalikuwa machozi ya Duka. Hidaya alisimama kando akitazama chai ile ile ikitukanwa na kusifiwa, akauma mdomo asicheke.

"Na sasa," alinguruma Waziri Tindo kwenye kipaza sauti, "damu ya Chambuso itasema! Jina halinywewi!"

"Jina halinywewi!" ukumbi ukaitikia, bila moyo.

Hidaya hakufungwa macho. Jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye magazeti ya jioni. Alimiminiwa chekundu, akamiminiwa cheupe. Mvuke ukapanda na harufu ya tangawizi, na katika ukumbi ule mkubwa kila mtu akajua ni saa ngapi.

"Sema, binti yangu," alisema Waziri, akimsogezea kipaza sauti.

Hidaya akafungua mdomo. Alikuwa amekesha akitafuta maneno makubwa, na sasa yote yalikuwa yamekimbia. Yalibaki yale aliyoyasema kila siku.

"Cha tatu kiko wapi?"

Sauti ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti cha Duka, kwa mara ya kwanza tangu kinunuliwe, kilifanya kazi. Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, kama anayekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni, "Ee, kweli jamani! Wamemimina viwili! Hawa watoto wamelelewa wapi?"

"Kimiminwe!" wengine wakadakia. "Saa kumi imefika, kimiminwe!"

Waziri aligeuka kuwatazama walinzi, na walinzi walikuwa wakitazama vikombe. Hidaya akachukua kikombe cha maji cha profesa mmoja, akayamwaga maji, akamimina chai. Hata hakutazama ni birika lipi. Akakibeba kwa mikono miwili mpaka mwisho wa jukwaa, upande wa mlango, akakiweka sakafuni.

"Karibu, baba," alisema. "Karibu, Chambuso."

Kikohozi kikaja. Kimoja, kikavu. Ukumbi mzima ulikisikia.

Na kwa kuwa watu wale walifundishwa kujibu kabla hawajafundishwa kuogopa, walijibu. Majibu yalianza chini chini, kama mvua inapoonja mabati. Karibu, Senge. Karibu, mwanangu Athuman. Karibu, Mwalimu. Karibu, Mama, alisema mtu mrefu mwenye aproni iliyopigwa pasi, bila kutazama kulia wala kushoto. Maprofesa wakajibu wakiwa wamefungwa macho. Walinzi wakajibu. Hewa ikawa nzito kwa miluzi, vicheko na vishindo vya miguu ya watu ambao hawakuonekana, na bendera zikapepea ilhali madirisha yamefungwa.

Kisha, kutoka kwenye vipaza sauti vyote, ndani ya ukumbi na nje barabarani, ikasikika sauti ya asali iliyopasuka katikati:

"Karibu, Sudi. Karibu, ndugu yangu."

Waziri Tindo aliuziba mdomo kwa mkono, lakini alikuwa amechelewa. Watu wa mbele walikuwa wamekwisha kuuona mwanya, na wote walikuwa wameoga na uso ule wa kwenye sabuni kwa miaka mingi.

Vikombe viwili vya mashindano vilikuwa mezani, chekundu na cheupe. Hakuna aliyekuwa amevigusa tangu Hidaya amiminiwe. Vyote viwili vilikuwa vitupu.

*

Redio ilitangaza matokeo jioni ile: kwa upande wa waliokuwepo, chai ya Duka imeshinda kwa kura zote, kura za wasiokuwepo bado zinahesabiwa. Nafasi ya Waziri wa Ladha ilikuwa wazi, aliongeza mtangazaji, na wenye viganja vyekundu wanakaribishwa kuomba.

Hidaya hakuisikia redio. Alikuwa Ghalani, mahali pakavu, mbali na jua. Walimvalisha shati jeupe lenye maandishi meusi kifuani: MTU. Hakukuwa na dirisha, wala sauti, wala njia ya kujua kama ni mchana. Alikaa ameegemea ukuta, akamwaza mama yake peke yake na lile birika, na vikombe vinavyozidi watu. Kiu ilimbana mpaka ulimi ukawa kama kipande cha gome.

Ikatokea bila yeye kujua imetoka wapi. Kwanza tangawizi, nyuma ya koo. Kisha mchaichai. Kisha joto lenyewe, likishuka taratibu kifuani, likifungua vifundo kimoja baada ya kingine. Hapakuwa na kikombe. Ni jina lake tu, lililotajwa mahali fulani, karibu na mlango, na mwanamke aliyekataa kunyamaza. Hakuweza kujua kama ni ya pakiti nyekundu au nyeupe. Alijua tu kwamba ni saa kumi.

Pande zote gizani, chumba baada ya chumba, alisikia Ghala zima likimeza.

Na nyuma ya ukuta aliouegemea, mtu asiyeweza kusubiri chai ipoe akakohoa mara moja.

"Hii ndiyo," ikasema sauti.

Hidaya akageuka, akaweka midomo yake kwenye ukuta, na kwa ile sauti yake ndogo akabisha hodi.